Wageni Watakula Kwanza

Tulipoachana, Nunzia alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa mama yake, na kaka yake Cataldo alikuwa ameushika mkono wa Nunzia. Hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Basi la watalii lilikuwa linapiga honi kwenye kona ya ngome, likiukwea mlima wa Castelfosco.

"Nipe ufunguo," alisema Nunzia.

"Sikupi."

"Ni mama yangu, Cataldo!"

"Na mimi aliniokota jalalani? Ni mama yangu pia. Amekufa, hataki kitu tena. Walio kwenye basi ndio wanaotaka kula."

Aliyechelewa kujiunga nasi asipate taabu, habari yenyewe ni fupi na chungu. Asubuhi hiyo ya Agosti Mama Donata hakushuka jikoni. Sura ya mwanamke huyo imebandikwa kwenye kuta za uwanja wa mji, kwenye mabasi, mpaka kwenye mifuko ya unga: Nonna Donata, bibi wa Castelfosco, njoo uote jua, njoo uone ngome ya wafalme, njoo upike na bibi jikoni kwake. Cataldo alipanda kumwita. Akateremka mara moja, mweupe kama unga wenyewe, akasema, "Mama ametutoka." Kabla Nunzia hajapata pumzi ya kupiga yowe, mlango ulikuwa umeshafungwa na ufunguo uko mfukoni mwa kaka mtu.

"Alituapisha," alisema Nunzia. "Kila Krismasi. Siku nitakayokufa, moto wa jiko hili uzimwe, hata kama Papa mwenyewe ameshakaa mezani na kitambaa shingoni. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi niache nikauzime! Niache nirudishie mlango wa mbele nusu, majirani wajue. Niache nimlilie mama yangu kama watu wanavyolia!"

Ndivyo ilivyo Castelfosco, hata leo hii watu wanapotembea na simu mbili mbili. Nyumba yenye maiti haiwashi moto. Mlango wa mbele hurudishiwa nusu, na majirani huleta chakula kutoka majumbani kwao, mchuzi wa kuku kwanza, kisha mengine. Mfiwa hukalishwa kitini akalishwa kwa kijiko. Ukimkuta mfiwa anajipikia, ujue ama hana majirani, ama hana haya.

Cataldo alimwachia mkono. Aliketi kwenye ngazi, jitu zima na tumbo lake, akashika kichwa.

"Baba alikufa lini, Nunzia?"

"Ndilo swali la kuniuliza sasa?"

"Nijibu."

"Jumapili usiku. Baada ya harusi ya wale watu wa Bari. Kila mtu anajua."

"Jumapili asubuhi, dada yangu."

Nunzia hakuelewa. Honi ililia tena, karibu zaidi.

"Asubuhi," alirudia Cataldo. "Wewe ulikuwa mtoto, ulipelekwa kwa shangazi mapema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Meza zilikuwa zimeshapangwa uani, kondoo yuko kwenye moto. Mama alinivuta kwenye chumba hiki hiki, akaniambia, kaa na baba yako. Mtu akibisha, sema amelala, joto limemzidi. Akafunga mlango kwa nje. Nilikaa naye mpaka bibi harusi alipokata keki. Nzi, Nunzia. Nilikuwa nafukuza nzi kwa kofia yake."

"Muongo wewe."

"Na mama alikuwa chini anacheza. Nilimwona kwenye ufa wa dirisha, anacheza na baba wa bwana harusi, anacheka. Jioni wageni walipoondoka akaja akafungua, akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Unadhani ile habari ya kuzima moto ilikuwa uchaji wa Mungu? Alikuwa anasutwa na dhamiri!"

Nunzia alijiegemeza ukutani. Alikumbuka lozi za sukari alizoletewa kwa shangazi usiku ule, zimefungwa kwenye kitambaa cheupe cha harusi. Alizila zote, akalamba na kitambaa.

"Kwa hiyo usinipigie mimi mahubiri," alisema Cataldo akisimama. "Nyumba hii imejengwa hivyo. Wageni watakula kwanza. Wakishaondoka utalia mpaka ukauke, na mimi nitalia nawe. Vaa aproni ya mama."

"Nini?"

"Vaa aproni yake, jifunge kitambaa chake."

"Wamemwona kwenye picha! Mimi na mama tunafanana wapi?"

"Kwao bibi ni bibi. Jipake unga puani, watakupiga picha wewe." Akamsogelea, sauti ikashuka. "Na apa. Apa hutamwambia mtu mpaka wameondoka."

Nawaambia kweli, hapo ningependa kuandika kwamba Nunzia alimzaba kofi. Hakumzaba. Mtu aliyepigwa na habari mbili za msiba kwa asubuhi moja, wa mama na wa baba, hukosa nguvu ya kuinua hata kijiko. Aliapa. Kisha akashuka jikoni akaongeza kuni.

Wageni waliingia na kelele zao na kofia zao za majani, nyuso zimeiva kwa jua. Walikuwa wametoka kanisa kuu, ambako walishuka chini ya madhabahu kutazama mifupa ya askofu mtakatifu kwenye sanduku la kioo. Waliipiga picha wakasema ni ya ajabu. Sasa walikuwa na njaa.

"Nonna! Nonna!" walipiga kelele wakimzunguka Nunzia. Mmoja alimkumbatia, mwingine akamshika shavu. Kiongozi wao, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua, aliwaambia kwa lugha yao kwamba bibi huyu hajawahi kutoka katika kijiji hiki maisha yake yote. Nunzia alikuwa amefanya kazi Torino miaka tisa. Akatabasamu.

"Wewe si Nonna Donata," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa mwanamke mrefu, mvi kichwani, Mdenmaki aitwaye Birgit. Alikuja miaka miwili nyuma, akakaa wiki nzima, akajifunza Kiitaliano cha kuombea chumvi. Mkononi alikuwa na zawadi imefungwa kwa utepe.

"Nonna wangu yuko wapi?" aliuliza.

Cataldo alijitokeza na jagi la divai kabla Nunzia hajameza mate. "Mama amelala, bibie. Joto limemzidi."

Kisu kilisimama mkononi mwa Nunzia. Maneno yale yale! Hata hakubadilisha moja, kana kwamba alikuwa ameyahifadhi tangu siku ile.

"Maskini," alisema Birgit. "Basi nitapanda nimwone tu. Sitamwamsha."

Akaelekea kwenye ngazi. Mguu wa Birgit ulikuwa umeshakanyaga kidaraja cha kwanza.

"Njoo hapa, mama," Nunzia alisema. "Njoo nikufundishe tambi. Aliniambia ukija nikufundishe mwenyewe."

Birgit aligeuka, uso umechanua. "Alinikumbuka?"

"Alikukumbuka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasomaji wangu. Cataldo alitunga uongo, lakini uliposhindwa kutembea, Nunzia ndiye aliyeubeba mgongoni. Alisimama mezani akawaonyesha wageni namna ya kukata kipande kidogo cha donge, kukiburuta kwa ncha ya kisu na kukigeuza kwa kidole gumba mpaka kikae kama kisikio cha mtoto. Walicheka walipokosea. Walirushiana unga. Mzee mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kutumia mashine, wenzake wakamzomea.

Katikati ya kelele hizo kichwa kilichungulia mlangoni. Mama Filomena, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, aliyemshika Nunzia siku ya ubatizo wake.

"Donata yuko wapi? Dirisha lake halijafunguliwa leo."

"Amelala, Mama Filomena," alisema Cataldo upesi. "Si unaona joto lenyewe?"

"Donata alale saa hizi na wageni wako ndani? Huyo hakulala hata siku aliyokuzaa wewe."

"Uzee, mama."

Filomena alimtazama Nunzia, mwanawe wa ubatizo. Nunzia alitazama donge lake. Kisha mama mzee akautazama moto mekoni, unaruka chini ya chungu cha maharage, na mabega yake yakashuka.

"Haya," alisema. "Maadamu moto unawaka. Mwambie nitapita jioni."

Akaenda zake. Nunzia alitaka kumkimbilia. Alitaka kumwambia, moto huu unakudanganya, mama yangu, nimeuchochea kwa mikono yangu mwenyewe! Lakini kiapo kilikuwa kooni na Cataldo alikuwa amesimama kati yake na mlango.

Walikula uani, chini ya mzabibu, dirisha la chumba cha mama likiwa juu ya vichwa vyao limefungwa. Walikula tambi, wakala maharage, wakala mwanakondoo. Walipangusa sahani kwa mkate kama walivyoambiwa ni desturi. Walisema jua la hapa si kama jua la kwao, na nyanya za hapa si nyanya za kwao, na watu wa hapa, mmoja alisema, wanajua kuishi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakuwahi kupita Castelfosco mwezi wa Agosti.

Kila sahani aliyoinua Nunzia ilikuwa nzito kuliko iliyopita. Machozi yalimshinda akiwa anagawa jibini.

"Bibi analia!" alisema mgeni mmoja, na simu zikatoka.

"Vitunguu," alisema Cataldo.

"Ni furaha," alisema kiongozi wa watalii. "Watu wa huku hulia kwa furaha."

Wakapiga makofi. Mmoja akagonga bilauri kwa uma. "Wimbo! Bibi aimbe! Kwenye picha za mtandaoni huwa anaimba!"

"Imba, Nunzia," alisema Cataldo, akimkazia macho. "Waimbie ule wa mavuno."

Nunzia aliweka sahani chini. Alimtazama kaka yake na jagi lake, shati limetota jasho. Alitazama juu, kwenye dirisha. Alikuwa ameapa kutomwambia mtu. Kutoimba hakuapa.

Upo wimbo Castelfosco ambao mapadri waliupiga marufuku tangu zamani na wanawake hawakuwahi kuuacha. Hauimbwi shambani wala harusini. Watoto wakiujaribu kwa mchezo huchapwa. Huimbwa mahali pamoja tu, penye maiti ambaye hajatoka ndani, na anayeuimba ni binti yake.

Nunzia alifumba macho, akafungua kinywa.

*Amka mama, jua limeshapanda,*
*nani atafungua dirisha lako?*
*Viatu vyako umeviacha uvunguni,*
*njia uliyoshika huivalii viatu.*

Jagi lilimtoka Cataldo mkononi. Divai ikatapakaa mpaka kwenye viatu vya watu.

*Amka mama, chungu kinachemka,*
*nani ataonja, nani ataniambia bado?*
*Nimekuita mara moja hukuitika,*
*nimekuita mara ya pili nimenyamaza.*

Wageni walikuwa wametulia tuli, mikono mashavuni. Mwanamke mmoja alimuuliza kiongozi maana ya maneno. Kijana wa mjini, asiyejua hata neno moja la lugha ya mlimani, alijibu bila haya, "Ni wimbo wa mapenzi."

Lakini kichochoro kilisikia. Kwanza redio ya kinyozi ilizimwa. Kisha dirisha la Mama Filomena likagonga, pah! Kisha lingine, na lingine, mbao zikifungwa moja baada ya moja kuteremka mpaka uwanjani. Watoto waliokuwa wakipiga mpira waliitwa ndani kwa sauti za chini. Castelfosco ilinyamaza ikabaki sauti ya Nunzia peke yake.

Alipomaliza, wageni walisimama. Walipiga makofi, wakapiga miluzi. "Tena! Tena!"

"Umefanya nini?" Cataldo alimnong'oneza. "We mwanamke, umefanya nini?"

"Sikumwambia mtu."

"Umetuvua nguo!"

"Tulikuwa tumevaa?"

Mlango wa mbele ulisukumwa. Wanawake waliingia wamejifunga vitambaa vyeusi, mmoja bado ana sabuni mikononi, mwingine kavaa kandambili za nyumbani. Mbele yao alikuwa Mama Filomena na sufuria ya mchuzi wa kuku. Hawakumsalimu mtu. Walipita katikati ya meza kana kwamba pale uani pana miti tu. Filomena alimkabidhi mwenzake sufuria, akaingia jikoni, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo na kuimwaga yote mekoni. Moshi na mvuke vilitoka mpaka nje.

Wageni walidhani ni sehemu ya burudani. Wakashangilia. Simu zikainuliwa juu zaidi.

Birgit peke yake hakushangilia. Aliwatazama wale wanawake, akatazama dirisha lililofungwa, kisha zawadi yake yenye utepe. Akaketi taratibu kama mtu aliyekatwa miguu. Alisema neno kwa lugha yao, na makofi yakafa mikononi mwa watu. Kiongozi alivua miwani yake. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja, akiomba radhi, na yuko mmoja, nasikitika kusema, aliyeuliza kama kitindamlo kimeghairiwa.

"Mlaaniwa," Filomena alimwambia Cataldo. "Niliuliza mlangoni hapo. Nilikuuliza kwa kinywa changu!"

"Mama Filomena, nilikuwa..."

"Na ukanitolea moto kuwa shahidi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini wewe umeficha kilio chenyewe!"

Hawakumpiga. Afadhali wangempiga. Walimkalisha Nunzia kitini, wakamvua aproni ya mama yake, wakamfuta unga puani. Filomena alimlisha kijiko cha kwanza cha mchuzi kwa mkono wake. Nunzia alimeza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyepotea akapatikana. Cataldo walimwekea kiti pia, maana desturi haichagui. Hakuna aliyemlisha.

"Ufunguo," alisema Filomena, amenyoosha kiganja.

Cataldo aliutoa.

"Daktari ameitwa, anakuja. Nasi tukamwoshe mwenzetu kabla joto halijamharibu. Nunzia, njoo umbusu mama yako."

Walipanda, Nunzia mbele. Mlango ulifunguka. Chumba kilikuwa giza na joto, na kilinukia dawa ya kuchua magoti. Mwanamke mmoja alisukuma dirisha, mwanga ukaingia wote kwa pamoja.

Mama Donata alikuwa amelala ubavu, kwenye ukingo kabisa wa kitanda, uso umeelekea dirishani. Mkono wake mmoja ulikuwa unaning'inia.

Nunzia alipiga magoti. Alimkumbatia, akaweka shavu lake shingoni mwa mama yake, mahali alipokuwa akilalia utotoni. Akakaa hivyo. Wanawake walianza kusali.

Kisha Nunzia aliinua kichwa.

"Ana joto," alisema.

"Chumba ndicho chenye joto, mwanangu."

"Ana joto shingoni, Mama Filomena. Ndani ya nguo. Ana joto kama mimi."

Filomena alikuwa ameshawaosha wafu wa kichochoro kile kabla Nunzia hajazaliwa. Aliinama, akasikiliza pumzi, hakuna. Akashika taya, likaenda kirahisi. Akaushika ule mkono ulioning'inia, akaukunja kiwiko, ukakunjika bila ubishi. Sala zilikatika. Aliurudisha mkono pale ulipokuwa, akaangalia chini.

Sakafuni palikuwa na bilauri imepinduka. Maji yalikuwa bado yametuama juu ya vigae, yanang'aa.

Nani asiyejua jua la Agosti huko? Maji ya asubuhi yangekuwa yamekauka kabla basi halijaegeshwa.

"Cataldo," Filomena aliita, hakupandisha sauti. "Njoo hapa."

Alikuja mpaka mlangoni. Akasimama hapo, vidole vimeng'ang'ania fremu.

"Ulimkuta vipi asubuhi?"

"Chali. Mdomo wazi. Macho hayakufumba vizuri."

"Ulimgusa?"

Cataldo alitazama vidole vyake.

"Nimekuuliza, ulimgusa mama yako?"

"Nilimwita," alisema Cataldo. "Nilimwita mara mbili. Hakuitika."

"Ukamgusa?"

"Siwezi!" Sauti ilimpasuka. "Siwezi kumkaribia maiti, Mama Filomena. Tangu baba, siwezi. Hata mazishi ya shangazi nilisimama barabarani. Nilimwona hapa, nilipo sasa hivi. Nikajua amekufa. Mdomo ulikuwa wazi kama wa baba. Nikafunga."

Mwanamke mwenye sabuni mikononi alijipangusa kwenye nguo, akajipangusa tena.

Nunzia alikuwa bado amepiga magoti. Alitazama bilauri, alitazama mkono, alitazama uso uliogeukia dirisha lililo juu ya ua, juu ya meza, juu ya mahali aliposimama yeye akiimba. Kila neno lilipanda hapa. Mama yake alikuwa kitandani, ulimi umefungwa kwa kiharusi, mwili nusu hauitiki, anasikia sahani, anasikia vicheko, anaomba maji kwa mkono mmoja. Kisha akasikia binti yake akimwimbia wimbo wa maiti. Ni nani duniani aliyewahi kuusikia wimbo ule akiwa ndiye anayeimbiwa?

"Alikuwa hai," alisema Nunzia. "Nilipokuwa namwimbia alikuwa hai."

"Nyamaza, mwanangu."

"Daktari angeitwa asubuhi..."

"Nyamaza, nimesema!"

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Daktari Lopalco, na mkoba wake, anahema kwa kupanda. Alimpita Cataldo mlangoni, akawapa pole, akainama kitandani. Alichukua muda mrefu kuliko anavyochukua daktari aliyeitwa kwa bibi wa miaka themanini. Alishika shingo. Alishika taya. Naye pia aliyaona maji.

"Amefariki saa ngapi?" aliuliza.

Cataldo aliteleza na fremu ya mlango mpaka sakafuni. Akaja kwa magoti, jitu zima lile, mpaka nyuma ya dada yake, akamshika pindo la sketi. Nunzia alihisi tu kitambaa kikivutwa.

"Sasa hivi, daktari," alijibu Filomena. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya padri. "Ameondoka mikononi mwetu. Tulikuwa naye wote. Sivyo, jamani?"

Wanawake walitazama sakafu. Mmoja akatikisa kichwa kukubali, kisha wa pili, kisha wote. Walikuja kuuvunja uongo wa nyumba ile, na sasa walikuwa wamesimama kuuzunguka mwingine, mpana zaidi, wenye nafasi ya kila mtu. Walifanya hivyo kwa huruma. Mtoto mmoja wa Donata alikuwa ameshakufa kwa aibu sakafuni pale, kwa nini waongeze wa pili?

Daktari alitoa kalamu. Lakini alikuwa amemtibu Donata miaka mingi, na hakuandika.

"Nunzia," alisema. "Wewe ndiye binti yake. Ndivyo ilivyokuwa?"

Filomena alimtazama mwanawe wa ubatizo na macho yanamsihi. Pindo la sketi lilivutwa tena.

Nunzia alisimama.

"Sivyo, daktari," alisema. "Alikufa peke yake. Tulimfungia mlango sisi wawili, mimi na kaka yangu, tukawapikia wageni."

Filomena alijishika mdomo. Cataldo aliachia sketi ya dada yake. Daktari alirudisha kalamu mfukoni, akatoa simu kuwaita polisi, akasema mtu yeyote asitoke chumbani.